Rodeo ya Wapenzi wa Jinsia Moja Marekani: Nani Anashindana, na Kwa Nini Mbuzi Anavishwa Chupi

Video yenyewe ni fupi. Watu wawili wanakimbia uwanjani, wanamkuta mbuzi amefungwa kamba, wanamvisha chupi nyeupe ya kiume, kisha wanatimua mbio kurudi walikotoka huku watazamaji wakipiga mayowe. Video za namna hii huruka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, na kila zinapotua hupewa maelezo mapya: mara ni ibada ya siri, mara ni harusi, mara ni ushahidi kwamba Wazungu wameishiwa. Maoni yanamiminika, na mtu aliyeuliza swali la maana, kwamba hawa ni akina nani na wanashindania nini, hakuna anayemjibu.

Huo ni mchezo wa kumvalisha mbuzi, mmojawapo wa michezo 13 ya rodeo ya wapenzi wa jinsia moja. Rodeo hizi huandaliwa na vyama vya majimbo na kanda mbalimbali za Marekani, na anayeshinda hujivunia bizimu kubwa ya mkanda. Ila asiyeijua rodeo ya kawaida hawezi kujua ni kipi katika video ile ni cha mashoga na wasagaji, na ni kipi ni cha rodeo tu. Kwa hiyo tuanze na rodeo.

Rodeo ni kazi za ranchi zilizogeuzwa mashindano. Mfugaji wa nyanda za magharibi mwa Marekani alihitaji kumnasa ndama kwa kamba ya kitanzi ili amtibu au ampige chapa, kumzoesha farasi mkali, na kumgeuza farasi kwa kasi ng'ombe anapotoroka kundini. Kazi hizo Wamarekani walijifunza kwa wachungaji wa Mexico, enzi ambazo Texas na California bado zilikuwa nchi ya Wamexico. Baadaye watu wakaanza kubishana nani hodari zaidi, wakaweka saa, waamuzi na tiketi. Mashuhuri kuliko yote ni kupanda fahali. Mnyama wa kilo 700 hadi 900 anaruka na kujizungusha, na mpandaji anajishikilia kwa mkono mmoja tu. Katika rodeo ya kulipwa anatakiwa asianguke kwa sekunde 8. Wengi huanguka.

Mtu wa Pemba hapati shida kulielewa hili. Katika mchezo wa ng'ombe wa kule kisiwani, dume huchokozwa na vijana wanaoonyesha wepesi na ujasiri, wanawake wanaimba, kijiji kizima kimejaa pembeni, na mwisho ng'ombe anarudi zizini mzima. Rodeo nayo inaonyesha umahiri mbele ya watu wanaojua ng'ombe ni nini. Mshamba wa mifugo akiingia uwanjani, jukwaa zima linamtambua kabla hajafika katikati.

Sasa tuongeze neno la pili. Rodeo ya wapenzi wa jinsia moja ina karibu kila kilichomo katika rodeo ya kawaida: mafahali, maksai, kamba za vitanzi, mbio za kuzunguka mapipa matatu, mbio za kupinda katikati ya nguzo. Katika mbio za mapipa, ukiangusha pipa unaongezewa sekunde 5 hapa kama kule. Farasi hajui nani amempanda. Tofauti zenyewe zinahesabika, na ya kwanza ndiyo ambayo wengi hawaitegemei: mwanamke anaruhusiwa kushindana katika kila mchezo. Katika rodeo kubwa za kulipwa, kwa miongo mingi fahali amekuwa wa mwanamume na mapipa yamekuwa ya mwanamke. Huku, mwanamke anampanda fahali na mwanamume anazunguka mapipa, wala hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo dhana kwamba hili ni jambo la wanaume watupu imekosea tangu mwanzo. Wako wanawake wengi, wengine wamekulia ranchini na waliingia humu kwa sababu mahali pengine pa kupanda fahali palikuwa haba.

Tofauti ya pili ni michezo mitatu ya vichekesho, na humo ndimo video zinakotoka. Katika kumvalisha mbuzi, timu ni ya watu wawili, na mbuzi yuko kama mita 15 kutoka mstari wa kuanzia. Mmoja amekwisha kujivika chupi mikononi, kwenye vifundo. Wanapofika, mwenzake anamnyanyua mbuzi miguu ya nyuma, huyu anaishika miguu hiyo, na chupi inateleza kutoka mikononi mwake hadi kwenye mapaja ya mbuzi. Ni lazima ipande mpaka juu ya shina la mkia, la sivyo haihesabiki. Saa inasimama wote wawili wakishavuka mstari. Timu nzuri humaliza kabla hujamaliza kucheka.

Mchezo wa pili ni kumpamba maksai: mmoja anamdhibiti kwa kamba iliyofungwa pembeni, yaani kwenye pembe zake, na mwenzake anamfunga utepe mkiani. Kisha kamba inatolewa. Utepe unaonekana kazi ndogo mpaka ukumbuke mkia huo uko karibu na miguu ya nyuma ya mnyama mwenye hasira.

Wa tatu ndio unaotoa picha za ajabu kuliko zote. Timu ina watu watatu: mwanamume, mwanamke, na mtu aliyevaa mavazi ya jinsia nyingine. Watatu hao wanamburuta maksai mkaidi hadi kuvuka mstari, halafu aliyevaa gauni, wigi na pengine lipstiki anampanda na kujaribu kurudi naye. Mara nyingi wigi ndilo linalofika. Ukiona picha ya mwanamume mwenye gauni lililojaa vumbi amening'inia ubavuni mwa ng'ombe, ujue umeona mchezo huo mmoja. Kuichukulia picha hiyo kuwa ndiyo rodeo nzima ni kuutazama mkesha wa harusi na kudhani ndoa yote itakuwa ngoma.

Tofauti ya tatu ni pesa, na naona hii ndiyo inayoeleza mengine yote. Rodeo hizi zilizaliwa kama shughuli ya kuchangisha.

Mwaka 1976 mjini Reno, jimbo la Nevada, Phil Ragsdale alikuwa na cheo cha "Emperor", yaani mfalme mkuu, katika jumuiya ya mashoga wa mji huo iliyokuwa ikikusanya michango ya hisani. Alitaka kugharimia chakula cha wazee kwa sikukuu ya kutoa shukrani, akafikiri kwamba rodeo ingevuta watu. Uwanja wa maonyesho wa wilaya ya Washoe aliupata. Kilichomshinda ni mifugo. Wafugaji walikataa mmoja baada ya mwingine kukodisha wanyama wao kwa shughuli ya mashoga, na ilipofika tarehe 1 Oktoba, siku moja kabla, ndipo akapata ng'ombe watano, ndama kumi, nguruwe mmoja na farasi mdogo aina ya poni. Kesho yake, tarehe 2, rodeo ikafanyika, na washiriki wakazidi 125.

Ilirudiwa mwaka uliofuata ikiwa na jina la kitaifa, ikakua, ikawa inachangia wagonjwa wa kudhoofika kwa misuli. Mwaka 1982 mchekeshaji Joan Rivers ndiye aliyeongoza msafara, na watazamaji walifika maelfu. Kutoka Reno watu walirudi makwao na wazo. Colorado, Texas, California na Arizona wakaanzisha vyama vyao, na mwaka 1985 vyama hivyo vinne vikaungana kuwa International Gay Rodeo Association (IGRA), yaani chama cha kimataifa cha rodeo hizi, mwenyekiti wa kwanza akiwa Wayne Jakino wa Colorado. Reno yenyewe ilikuwa imefanya rodeo yake ya mwisho mwaka mmoja kabla.

Tarehe hizo zinagongana na jambo jingine. Taarifa za kwanza za ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI zilitoka Marekani Juni 1981. Vyama vilianza wakati vijana wao wenyewe walikuwa wanazikwa, na familia nyingi zilikuwa zimewafungia milango. Kwa hiyo pesa za kiingilio, za bia na za bahati nasibu zikaelekezwa kwa wagonjwa: dawa, chakula, kodi ya nyumba, na mara nyingine mazishi. Desturi iliyobaki hadi leo ni farasi asiye na mpandaji. Katikati ya shughuli, muziki unazimwa, farasi mwenye tandiko tupu anaongozwa taratibu kuzunguka uwanja, na kofia zote zinavuliwa kwa ajili ya wanachama waliofariki. Dakika chache baadaye mtangazaji anarudi na utani wake, lango linafunguliwa, na fahali mwingine anatoka.

Kuna wanaodhani Wamarekani hawa waliingia uwanjani kwa kuwa sheria yao iliwafungulia njia. Tazama miaka. Sheria ya Nevada iliyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai ilifutwa mwaka 1993, yaani miaka 17 baada ya rodeo ya Ragsdale. Arizona ilifuta yake mwaka 2001. Texas haikufuta kabisa. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani iitangue mwaka 2003, wakati chama cha rodeo cha Texas kikiwa kimetimiza miaka 20. Muda wote huo wanachama walikuwa wanauza tiketi na kukodi viwanja vya umma huku faragha yao ikiwa kosa la jinai mbele ya sheria.

Iliwezekanaje? Sheria ya Texas iliadhibu kitendo, tena kwa faini isiyozidi dola 500. Haikuzuia watu kuunda chama, kukutana au kupanda farasi. Msomaji wa Kenya, ambaye vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoadhibu mapenzi ya jinsia moja, ni urithi wa Mwingereza, ataliona jambo hilo si geni sana kwake. Wa Uganda yuko mahali tofauti, maana sheria ya 2023 inaadhibu hata kile inachokiita kukuza mapenzi ya jinsia moja, na kifungo chake hufika miaka 20. Chama kama cha Texas kisingepata pa kusimama hapo. Wengi hulinganisha Marekani na kwetu kwa neno moja, "huko kumeruhusiwa", na kuiacha tofauti hii iliyo ya msingi.

Wala huko Marekani mambo hayakuwa mteremko. Fainali ya kwanza ya IGRA ilifanyika Hayward, California, mwaka 1987. Ya 1988 ilipangwa Fallon, Nevada. Uwanja umekodiwa, watu wamesafiri na farasi wao kutoka majimbo ya mbali, na rodeo ikapigwa marufuku kwa amri ya mahakama wakati wa kuanza umekaribia. Wakapakia farasi, wakarudi. Miaka ile baadhi ya washiriki walijiandikisha kwa majina ya bandia, kwa sababu jina likitoka gazetini Jumatatu, Jumanne mtu hana kazi.

Hapo ndipo linapokuja swali ninalosikia mara nyingi, hata kwa watu wasio na chuki: kama rodeo ni rodeo, kwa nini wajitenge? Katika rodeo za kawaida kuna kanuni iliyoandikwa ya kuwafukuza? Suala halikuwa kanuni. Kijana wa ranchi ya Oklahoma aliyependa mifugo kuliko kitu chochote alijua kwamba siku akifahamika, jukwaa lile lile lililomshangilia litamzomea, na gari lake huenda likatobolewa matairi. Njia iliyokuwa wazi ilikuwa kuhamia San Francisco au New York, mijini, na kuacha ng'ombe. Rodeo hizi zilimpa njia ya tatu. Ndiyo maana ukiingia katika hafla zao hukuti siasa nyingi kama watu wanavyotarajia. Unakuta mazungumzo ya kwato, bei ya nyasi kavu na trela lililoharibika breki.

Isitoshe, kujitenga kwa namna hii kuna historia ndefu katika rodeo yenyewe. Wamarekani weusi, ambao wanahistoria wanakadiria walikuwa takriban robo ya makauboi wa karne ya 19, wana rodeo yao, Bill Pickett Invitational, iliyoanzishwa na Lu Vason mwaka 1984. Imepewa jina la kauboi mweusi aliyeufanya mashuhuri mtindo wa kumwangusha maksai kwa kumrukia pembe. Wenyeji wa asili wana fainali yao ya kitaifa tangu 1976. Wamexico wana mashindano yao, ya zamani kuliko yote. Kila kundi lililoona mlango umeegeshwa lilijenga uwanja wake.

Wikiendi ya rodeo ya kanda huenda hivi. Ijumaa ni kujiandikisha na kupewa namba ya mgongoni. Jumamosi ni duru ya kwanza, Jumapili ya pili, na kila duru ina washindi wake. Alama zinakusanywa kutoka rodeo moja hadi nyingine, kisha wenye alama nyingi wanaitwa fainali ya mwisho wa msimu. Usiku kuna muziki wa kantri na dansi, wawili wawili au kwa mistari. Majina ya rodeo hufuata mahali: ya Phoenix inaitwa Road Runner, ya Denver ni Rocky Mountain, ya New Mexico ni Zia. Anayefuatilia habari zao atakutana pia na watu wenye taji kwenye kofia na utepe begani. Hao ni wafalme na malkia wa chama: mwanamume, mwanamke, mwanamume anayevaa kike, na mwanamke anayevaa kiume. Ukimwona mmoja wao amesimama kwenye baa akiimba huku watu wanamtunza noti, yuko kazini. Cheo chake ni cha kuchangisha, na mwisho wa mwaka atahukumiwa kwa kiasi alicholeta.

Pingamizi moja nalipa uzito, la wanyama. Watetezi wa haki za wanyama wamewahi kuandamana nje ya rodeo hizi, na miongoni mwao walikuwemo mashoga wenyewe. Ukweli una pande mbili hapa. Rodeo hizi hazina ule mchezo wa kawaida ambamo ndama anayekimbia anakabwa kwa kamba, anaangushwa na kufungwa miguu mitatu. Badala yake hutumia kamba iliyofungwa kwenye tandiko kwa uzi unaokatika mara tu kitanzi kinaponasa, au mtupaji anasimama kwa miguu yake bila farasi. Ni nafuu ya kweli. Hata hivyo maksai bado anakamatwa pembe na kupinduliwa shingo hadi alale chini, na fahali bado anafungwa mkanda kiunoni ili arushe miguu. Mbuzi wa video, ukiniuliza mimi, anapata usumbufu wa nusu dakika na pengine aibu kidogo. Maksai ana kesi. Anayeichukia rodeo kwa sababu ya wanyama ana haki ya kuichukia hii pia, mradi aichukie na ile nyingine kwa kipimo hicho hicho.

Na habari zao za sasa? Kwa sehemu kubwa ni za uhasibu. Kukodi ng'ombe, uwanja na wahudumu wa afya wa kusimama langoni ni ghali, na bima ya mchezo ambamo watu huvunjika mbavu haipatikani kwa bei ya nyanya. Mwaka 2020 korona ilifuta sehemu kubwa ya msimu, na kalenda ya leo ni fupi sana ukiilinganisha na ya miaka ya 1990. Vipo vyama vilivyofungwa, kikiwemo cha Alberta, Kanada. Waanzilishi wamezeeka, na magoti yaliyoangukiwa na maksai hayasahau. Kwa upande wa pili, kijana wa leo anaweza kushindana katika rodeo ya kijijini kwao bila kuficha sana, kwa hiyo haja ya uwanja wa pekee imepungua mahali fulani na kubaki pale pale mahali pengine. Vyama vinajibu kwa kufungua madarasa ya wanaoanza, ambako mtu wa mjini asiyewahi kushika hatamu anafundishwa kurusha kitanzi kwenye ndama wa plastiki. Kumbukumbu za IGRA, kuanzia mabango hadi kumbukumbu za vikao, zimehifadhiwa katika makumbusho ya Autry, Los Angeles.

Limebaki swali moja linaloulizwa sana: je, mtu asiye shoga wala msagaji anaruhusiwa kushindana? Anaruhusiwa, na wapo. Hakuna anayeulizwa analala na nani. Anajaza fomu, analipa ada, anasaini kwamba akivunjika hatamshtaki mtu, anapewa namba. Zamu yake ikifika anatafutiwa mwenzake wa timu, na kama amechelewa kuandikisha michezo mingine, nafasi iliyo wazi mara nyingi ni ya kwenda kumvalisha mbuzi.